SOMO LA UFUNDI: WIFI IKIPOTEA KATIKA ORDINATERE TULIYOIUNGA WENYEWE



Wengi wametuuliza kwa nini ordinatere ya biblioteke ilikaa siku kumi na moja bila intaneti, na kwa nini jina la ndugu mmoja wa darasa la tano liliandikwa katika daftari ya adabu kisha likafutwa. Maneno mengi yamesemwa katika dortuari, na mengine siyo ya kweli. Tumeona vema kuandika mambo yote hapa. Ni somo kwa kila mutu anayependa mashini, na pia sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu sisi kapita wa wanafunzi.

Tuanze na mashini yenyewe. Ile ordinatere haikununuliwa nzima. Sehemu zake zilinunuliwa moja moja kule Lubumbashi, zingine mpya, zingine za okazio, na ndugu zetu wa darasa la sita wa mwaka jana wakaziunga juu ya meza ya laboratware. Telefone inatoka kiwandani na wifi ndani yake. Mashini ya kuunga sivyo. Karte kubwa ya ndani, ile mafundi wanaita karte-mama, mara nyingi haina wifi, na mwenye kuiunga anapaswa kuongeza kadi ndogo. Kadi inachomekwa katika ufa mrefu wa plastiki ulio juu ya ile karte kubwa. Katika somo hili tutauita huo ufa mlango. Nyuma ya sanduku zinatoka antene mbili.

Kuna jambo moja la kushika tangu sasa, maana ndilo lililotuokoa mwishoni. Kadi ya namna yetu inafanya kazi mbili, wifi na blutuzi, na kazi hizi hazipiti njia moja. Wifi inapita katika mlango ule. Blutuzi inapita katika fili nyembamba inayotoka kwenye kadi na kuchomekwa upande mwingine wa karte kubwa, kwenye njia ya USB. Lakini kurani ya kulisha kadi nzima inatoka mlangoni.

Basi, siku ya kwanza ya juma wafinalisti walikuja kutafuta maulizo ya mitihani ya miaka iliyopita. Mnajua kwamba katika interna telefone za wanafunzi haziruhusiwi, kwa hiyo mashini ile ndiyo dirisha letu moja. Waliiwasha. Ilikuwa nzuri, ekra ilikuwa nzuri, lakini pale chini ambapo alama ya wifi inakaa, hapakuwa na kitu. Wifi haikuwa zaifu wala kufungwa. Neno lenyewe lilikuwa limetoweka.

Mara moja mmoja akasema aliona mwana wa darasa la tano siku ya posho amefungua kifuniko. Tulimwita. Alisema: "Kapita, mi nilipanguza tu mavumbi. Hata turnevisi sikukuwa nayo." Sisi tulijibu: "Weye njo ulifungua, weye njo uliharibu." Wala hatukuangalia mashini dakika mbili zaidi. Tuliandika jina lake, na azabu yake ikawa kuchota maji ya jikoni siku saba.

Sasa tueleze namna ya kutafuta, sawa vile mwalimu wa fizikia alivyotufundisha baadaye, na sawa vile tulipaswa kufanya tangu asubuhi ile.

Ulizo la kwanza ni hili: je, wifi yenyewe iko? Rutere, yaani kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti, kiko katika buroo, na buroo iko mbali na biblioteke. Mwalimu alileta telefone yake, akasimama karibu kabisa na ordinatere, akafungua ukurasa. Ukafunguka. Kusimama pale pale ni lazima, kwa sababu telefone iliyo katika buroo haiwezi kushuhudia mambo ya biblioteke. Kwa jaribu hili moja, la dakika moja, tulijua kwamba rutere ni nzima, feza ya intaneti imelipwa, na mawimbi yanafika mpaka pembe ile. Ugonjwa uko ndani ya sanduku.

Ulizo la pili: mashini inasema nini hasa? Hapa tunaomba msome polepole, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoteza masaa. Kuna wifi zilizopotea za namna tatu, na dawa zao hazifanani.

Namna moja, mashini inaona jina la wifi, inaingia, lakini hakuna kinachofunguka. Hapo kadi ni nzima na antene ni nzima, usishike turnevisi. Tazama namba ambayo mashini imepewa. Ikianza na 169.254, maana yake mashini iliomba namba kwa rutere na hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Kama namba ni ya kweli, andika amri ya ping na namba ya rutere (mara nyingi ni 192.168.1.1 ao 192.168.0.1). Rutere ikijibu, barabara ya kwako mpaka buroo ni nzuri, na shida iko mbele ya buroo, ao katika jambo lingine ambalo tutalisema chini.

Namna ya pili, neno wifi liko, lakini mashini haioni jina lolote, ao inaona moja tu na kwa shida. Fikiria antene kwanza. Sanduku la ordinatere ni la chuma, na chuma inazuia mawimbi. Wanafunzi wa fizikia wahesabu wenyewe: mwangaza unakwenda metre 300 000 000 katika sekunde moja, wifi ya gigahertz 2,4 inatikisika mara 2 400 000 000, ukigawanya unapata urefu wa wimbi wa sentimetre 12,5. Wimbi la urefu ule halipiti vizuri katika vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Ndiyo maana antene zinatoka inje. Mara nyingi mutu anasogeza meza, antene inalegea kwenye vise yake, ao ile fili nyembamba ya ndani inajichomoa kwenye kadi. Kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na kinaingia kwa kusukumwa wima tu, siyo kwa kuzungusha.

Iko pia sababu ya ajabu kidogo. Kwenye gigahertz 2,4 njia za wifi zinahesabiwa, na inchi nyingi zinaruhusu 1 mpaka 13, lakini Marekani inatumia 1 mpaka 11. Kadi iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inaweza kukosa kabisa kuona rutere inayosema kwenye njia ya 12 ao 13, wakati telefone zote za nyumba zinaiona. Badilisha njia ya rutere, weka 1, 6 ao 11, mambo yanaisha. Na wale wenye kutumia wifi ya kijiti, ile inayochomekwa katika USB, wasikiweke ubavuni mwa diski ya inje ya USB 3. Vyombo vya USB 3 vinatoa makelele ya umeme kwenye gigahertz 2,4, na kijiti kinakuwa kiziwi. Kamba fupi ya kukisogeza mbali inatosha.

Namna ya tatu ndiyo ilikuwa yetu: neno wifi haliko kabisa. Mashini haijui kwamba iko na kadi. Hapa usibadilishe neno la siri, usizime rutere, unajichosha bule.

Kwa namna hii ya tatu jaribu kwanza dawa isiyo na gharama. Zima mashini, ondoa kamba ya kurani ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki ndani uishe, ngoja kidogo, kisha rudisha. Watu wanacheka dawa hii lakini iko na sababu. Ordinatere ya mezani iliyozimwa bila kuondoa kamba bado inapitisha kurani kidogo kwenye karte kubwa, na kadi iliyochanganyikiwa inaweza kulala imechanganyikiwa na kuamka vilevile. Tena katika Windows kuzima siyo kuzima kabisa. Kwa desturi yake inaweka akiba ya hali yake ili iwake upesi kesho. Ukitaka ianze upya kweli, chagua kuwasha upya, siyo kuzima. Sisi tulifanya yote mawili. Wapi.

Kisha fungua orodha ya vyombo. Bonyeza tushi ya Windows pamoja na X, chagua pale pameandikwa Gestionnaire de périphériques. Kadi ikiwa pale na alama ya njano, ni piloti inayokosekana, yaani ile programu inayofundisha Windows kusema na kadi. Utaichukua kwa telefone ao kwa mashini nyingine na kuileta kwa kijiti cha USB. Kama kadi haiko hata kwa alama ya njano, piloti haina kosa. Huwezi kumfundisha mutu ambaye hajafika darasani.

Katika orodha yetu wifi haikuwa. Lakini blutuzi ilikuwa, imekaa vizuri bila alama yoyote.

Tunakiri kwamba jambo hili tuliliona tangu siku ya kwanza na hatukulifahamu. Tulisema tu: kadi imeharibika nusu, yule mwana wa darasa la tano aliigonga na brosi. Komite ikaanza kuhesabu feza za mchango ili kuagiza kadi nyingine. Feza hizo ndizo zingenunua karatasi za gazeti hili kwa trimestre nzima.

Siku ya tisa mwalimu wa fizikia alikuja, akatazama ile orodha, akatuuliza: "Blutuzi inakula kurani wapi?" Tulijibu: "Mlangoni." "Basi kadi imechomekwa, na inakula. Blutuzi inasemea wapi?" "Kwenye fili ya USB." "Na wifi?" "Mlangoni." Akanyamaza, akatuacha tufikiri. Kadi iliyopasuka ao iliyolegea ingekosa kurani, na blutuzi ingekufa pia. Kadi yetu ilikuwa hai, inakula, inasema kwa fili ya USB, ila mlango wenyewe ulikuwa umenyamaza. Ni sawa mutu aliye ndani ya nyumba, taa inawaka, unamsikia kwa dirisha, lakini mlango umefungwa kwa inje. Brosi haifungi mlango namna ile.

Akauliza tena: "Tangu siku ya mwisho wifi ilipofanya kazi, nini kilibadilika ndani ya sanduku?" Tulisema: mavumbi yalipanguzwa siku ya posho. "Na kabla ya posho?" Hapo tulinyamaza sisi. Maana siku ya tano mangaribi, sisi kapita kwa mikono yetu tulifungua sanduku na kuongeza diski ya pili, ile fupi bapa kama kipande cha shokola, zawadi ya mwanafunzi wa zamani, ili maulizo ya mitihani yapate nafasi. Hatukuwa tumeitaja kwa mutu yeyote. Siyo kwa kuficha. Ila katika akili yetu diski ni diski na wifi ni wifi, hazina undugu.

Kumbe ziko na undugu. Karte kubwa ina njia za PCIe zilizohesabiwa. Njia hizo ndizo zinapitisha maneno kati ya vyombo na ubongo wa mashini, na hazitoshi kwa milango yote kwa mara moja. Kwa hiyo wenye kutengeneza karte, siyo zote lakini nyingi, wanaunganisha milango miwili kwenye njia moja, sawa vile bomba moja la maji lenye robine mbili na kifungio kimoja kati yao. Ukitia diski ya pili katika kiti chake, karte inageuza maji upande wa diski, na mlango wa pili unakauka. Hakuna alama nyekundu, hakuna kilio. Kurani inabaki, maneno yanakatika. Katika karte zingine ni matundu ya diski za zamani, yale ya SATA, ndiyo yanafungwa.

Jambo hili limeandikwa katika kitabu cha karte. Kitabu chetu cha karatasi kilikuwa kifupi, na kile kizima kiko kwenye intaneti, yaani mafundisho ya kurudisha intaneti yalikuwa kwenye intaneti. Mwalimu alikipata kwa telefone yake. Mwalimu wa Kiingereza alitusomea, na chini ya picha ya milango, kwa herufi ndogo kuliko zote, palikuwa na mstari mmoja tu: kiti cha pili cha diski kikitumiwa, mlango huu hautumiki. Ulikuwa mlango wetu.

Lakini mwalimu hakutaka tuamini kitabu tu. Sawa na Tomaso, alitaka kugusa. Tuliondoa kamba ya kurani, tukashika chuma ya sanduku kwanza ili umeme wa mwili usiue kadi, tukatoa diski ya pili, tukawasha bila kugusa kingine. Wifi ikarudi. Tukazima, tukarudisha diski. Wifi ikapotea. Mara mbili namna ile. Kisha tukachomoa kadi ya wifi, tukaihamisha kwenye mlango wa chini ambao hauna undugu na diski, na diski ikabaki mahali pake. Wifi ikabaki pia. Kadi ya watu haikuwa na kosa hata moja, na hakuna franga iliyotoka.

Na hapa tungeweza kumaliza, ila mashini haikuwa imekwisha na sisi. Wifi ilikuwa na alama zote, rutere ilijibu ping, lakini karibu kila ukurasa ulikataa, ukisema njia siyo ya salama. Wengine walianza tena kutafuta mutu wa kulaumu. Safari hii tulitazama ekra yote, mpaka pembe ya chini: tarehe ilionyesha mwaka ambao wengi wetu tulikuwa bado katika shule ya msingi. Kurasa za intaneti leo zinaonyesha cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na mashini inayofikiri iko miaka nyuma inaona cheti ambacho hakijazaliwa, inakikataa. Saa ya ordinatere inalindwa na batri ya mviringo juu ya karte kubwa, ya volti 3, inaitwa CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake: milimetre 20 upana, milimetre 3,2 unene. Yetu ilikuwa ya okazio na ilikuwa imekufa zamani, lakini hatukujua kwa sababu kamba ya kurani ilikuwa haikai inje ya ukuta muda mrefu. Siku ile tulipoiacha masaa mawili, saa ikasahau. Tuliandika tarehe ya kweli kwa mkono, kurasa zote zikafunguka, na kesho yake batri mpya ikanunuliwa sokoni. Mwenye ordinatere nyumbani ambako kurani inakatika kila mara atazame jambo hili mapema.

Maneno machache kwa wale wanaotaka kuunga mashini zao wakati wa vakansi. Mkinunua kadi ya wifi ile fupi isiyo na mlango mrefu, someni namba yake vizuri. Intel AX200 inaweza kwenda katika karte za namna nyingi, lakini AX201, ambayo kwa macho ni pacha yake, inahitaji karte na ubongo wa Intel vilivyotengenezwa kwa kuipokea, na mahali pengine haitaamka hata siku moja. Tarakimu moja inakula feza yote. Na kile kisanduku cha kurani ndani ya mashini kisifunguliwe na mwanafunzi yeyote, hata kama kamba imeondolewa, kwa sababu ndani yake umeme unaweza kukaa na kuua.

Jina la ndugu yetu tulilifuta mbele ya Direktere wa adabu, na tulisema mbele ya dortuari yote kwamba diski ilikuwa mkono wetu. Lakini maji ya siku saba alikuwa amekwisha kuyachota. Alipoulizwa anataka nini, aliomba ufunguo wa biblioteke na turnevisi, na Bwana Prefe alikubali. Ndiye mlinzi wa mashini tangu juma lile.

Kando ya ekra sasa kuna daftari ya bluu. Kila anayefungua kifuniko, hata kwa mavumbi, anaandika siku, saa, alichogusa na jina lake. Mstari wa kwanza tumeuandika sisi: siku ya tano mangaribi, diski ya pili, kapita.